Mjadala: Dawa ya Kupunguza Damu Ikae Bomani au Nyanungu?

Kata ya Nyanungu iko pembezoni kabisa mwa Tarime: upande mmoja Kenya, upande mwingine Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mtu akitokwa damu nyingi huko, awe mama aliyejifungua, kijana aliyekatwa panga kwenye ugomvi wa mifugo au mchungaji aliyekanyagwa na tembo, la kwanza linaloulizwa ni usafiri. Nani ana gari? Pikipiki ya nani ina mafuta? Mto umejaa? Nyamwaga kuna hospitali ya wilaya, Tarime mjini kuna Bomani, Musoma kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, na mbele zaidi, Mwanza, kuna Bugando. Kila jina hapo lina saa zake za safari, na damu inatoka njia nzima.

Mjadala huu unahusu dawa moja, asidi ya traneksamiki, ambayo kwenye mafaili ya wagonjwa huandikwa kwa herufi tatu, TXA. Hutumika kupunguza damu inayotoka wakati wa upasuaji na baada yake, kwa majeruhi, na kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Swali ni hili: ibaki kwa wapasuaji, au ishuke hadi zahanati ya mwisho? Na huko kwenye chumba cha upasuaji, achomwe kila anayelala mezani au anayevuja damu peke yake? Nimeyapanga kama mazungumzo. Wasemaji ni sauti nilizozitunga ili kila hoja ipate mtetezi wake. Majaribio, miaka na tarakimu wanazozitaja ni za kweli. Mimi nami nina upande, na sitauficha.

DAKTARI WA UPASUAJI: Nianze mimi. Dawa hii siipingi, naitumia. Ninachopinga ni imani kwamba ukishaichoma umemaliza kazi. Mshipa uliokatika hausimamishwi na sindano, unafungwa kwa uzi. Kizazi kilichochanika kinashonwa. Kondo la nyuma lililobaki ndani linatolewa. Bandama iliyopasuka inatolewa. Ukiipeleka dawa hii zahanati, mhudumu atachoma, atakaa aone kama imefanya kazi, na mgonjwa ataletwa kwangu akiwa amechelewa zaidi ya ambavyo angechelewa. Mimi namtaka mgonjwa mwenyewe, na namtaka mapema.

MKUNGA: Dokta, unamsema mtu ambaye hujakesha naye. Mimi nimekesha. Mama akijifungua na damu ikaanza kumiminika, hakuna mkunga anayekaa kutazama. Mkono mmoja uko tumboni unasugua kizazi kikaze, mwingine unatafuta mshipa, na simu umeibana kwa bega unaita gari. Sindano hiyo inachukua dakika kumi, na dakika hizo gari bado halijafika. Tunaomba kuzitumia dakika ambazo sasa zinapotea bure.

MZEE, mfugaji na mjumbe wa kamati ya afya ya kijiji: Msiende mbio. Hiyo dawa inafanya nini hasa? Inaongeza damu?

MKUNGA: Haiongezi hata tone, mzee wangu. Fikiria ua wa boma lako. Ukibomoka mahali, unachomeka vijiti, unafunga, ng'ombe hawatoki. Mwili nao palipokatika unasuka nyuzi nyembamba mno, damu inanasa humo, inaganda, tundu linaziba. Lakini mwili huohuo una kimeng'enya cha kuzila zile nyuzi, kinaitwa plasmini. Kazi yake ni nzuri: jeraha likipona, mshipa usibaki umeziba. Shida ni kwamba kwenye jeraha kubwa, au mara tu baada ya kujifungua, kinakuja kwa wingi na mapema mno, kama mchwa walioingia kwenye vijiti kabla hujamaliza kufunga. Traneksamiki inawazuia mchwa. Ua wenyewe inabidi uwepo.

MZEE: Kwa hiyo ua usipojengeka, dawa haina kazi.

DAKTARI: Mzee, hapo umenisemea.

Nataka kuingilia hapa na historia kidogo, kwa sababu ukiijua utaona kwa nini Mkunga anaongea kwa uchungu. Dawa hii ilitoka kwa Utako Okamoto, daktari wa Japani, na mumewe Shosuke. Nchi yao ilikuwa imetoka vitani, vifaa ni haba, nao walitaka kupata dawa ya kuwaokoa wanawake wanaokufa kwa kuvuja damu wakijifungua. Utako alifanya utafiti huku mtoto wake akiwa mgongoni. Mwaka 1962 walitangaza matokeo yao. Walijaribu kuwashawishi madaktari wa uzazi wa huko waipime kwa wajawazito, hawakufaulu. Dawa ikaenda kwingine: kwa wagonjwa wa hemofilia wanaong'olewa meno, kwa wanawake wenye hedhi nzito, baadaye kwenye upasuaji wa moyo na wa nyonga. Jaribio kubwa la kuipima kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua lilitangazwa mwaka 2017. Utako Okamoto alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akiwa na miaka 98. Miaka 55 ilipita kabla ya mama aliyekusudiwa kupata jibu, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa upole.

MTAALAMU WA USINGIZI: Basi tuzungumze kwa hesabu. Jaribio la kwanza kubwa liliitwa CRASH-2, lilitangazwa mwaka 2010. Majeruhi watu wazima 20,211, hospitali 274, nchi 40. Nusu walichomwa dawa, nusu walichomwa maji ya chumvi yasiyo na dawa. Waliokufa kwa sababu yoyote ile ni asilimia 16.0 kwa waliopewa maji na asilimia 14.5 kwa waliopewa dawa. Lakini tarakimu iliyobadilisha kazi yetu ilitoka mwaka uliofuata, walipogawa wagonjwa kwa muda. Waliochomwa ndani ya saa moja tangu kuumia: vifo vya kuvuja damu vilishuka kutoka asilimia 7.7 hadi 5.3. Kati ya saa moja na saa tatu: kutoka 6.1 hadi 4.8. Baada ya saa tatu: vilipanda, kutoka 3.1 hadi 4.4.

MZEE: Vilipanda? Kwa dawa hiyohiyo?

MTAALAMU WA USINGIZI: Dawa hiyohiyo, kipimo kilekile. Ndiyo maana mimi siulizi kwanza kama hospitali inayo. Nauliza mgonjwa aliumia saa ngapi.

MKUNGA: Na kwa wazazi, waeleze pia.

MTAALAMU WA USINGIZI: Jaribio la WOMAN, hilo la 2017. Wanawake 20,060, hospitali 193, nchi 21, Tanzania ikiwemo, na majirani zetu Kenya na Uganda wakiwemo. Vifo vya kuvuja damu vilishuka kutoka asilimia 1.9 hadi 1.5. Waliochomwa ndani ya saa tatu tangu kujifungua, kutoka 1.7 hadi 1.2. Baada ya hapo, faida haikuonekana. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaelekeza: gramu moja kwenye mshipa, polepole kwa dakika kumi, mara tu damu inapozidi, isipite saa tatu tangu kujifungua. Damu ikiendelea baada ya nusu saa, au ikirudi ndani ya siku hiyo, gramu ya pili. Mwaka 2018 watafiti waliunganisha wagonjwa wa majaribio hayo mawili, zaidi ya 40,000, wakakuta kila robo saa ya kuchelewa inaondoa takriban sehemu moja ya kumi ya faida.

DAKTARI: Usiishie hapo. Sema na upande wa pili. Kwenye jaribio hilohilo la WOMAN, ukihesabu vifo vya sababu zote, ni 227 kwa waliopata dawa na 256 kwa wasiopata, tofauti ambayo yawezekana ni ya bahati tu. Na wanawake waliotolewa kizazi hawakupungua. Tunazungumzia akina mama wanne katika kila elfu wanaovuja damu. Ukinipa fedha nichague, nanunua friji ya damu.

MKUNGA: Wanne katika elfu ni hesabu ya hospitali. Majaribio yale yalifanywa hospitalini, penye mpasuaji, mara nyingi penye chupa ya damu. Kwetu mama anamaliza saa nzima hajafika popote.

DAKTARI: Na hapo ndipo ninapokushika, sista. Kama yalifanywa hospitalini, huwezi kuyahamisha hadi zahanati kwa matumaini.

Daktari ana haki ya kusema hivyo, na ni hoja ya mtu anayeheshimu ushahidi. Mimi naiona hivi. Majaribio yameonyesha kwamba kinachoamua ni muda kati ya jeraha na sindano, na mwili wa mama wa Nyanungu huvunja damu iliyoganda kwa namna ileile ya mama wa mjini. Ukiiweka dawa mahali ambapo kwa kawaida watu hufika saa ya nne, umeiweka mahali ambapo haisaidii na pengine inadhuru. Kwa hiyo, kuibakiza mjini peke yake, kwa watu wa kata hii, hakuna tofauti kubwa na kutokuwa nayo. Zaidi ya hapo, oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na umeme ukikatika siku mbili huna uhakika nayo tena. Traneksamiki inakaa kabatini.

MKUNGA: Na isitoshe, Dokta, hatuombi dawa peke yake. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya E-MOTIVE, yaliyofanywa kwenye hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania. Wanawake zaidi ya laki mbili. Walichofanya: mama anawekewa chini yake plastiki yenye mfuko na mistari ya kupimia, damu inapimwa badala ya kukadiriwa kwa macho. Ikifika mstari, mambo yote yanaanza pamoja: kusugua kizazi, oksitosini, traneksamiki, dripu, na kumchunguza mama ili mwenye tatizo jingine apelekwe mbele. Usingoje hili lishindwe ndipo uanze lile. Madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60. Traneksamiki ilikuwa kwenye kundi hilo, na rufaa ilikuwa kwenye kundi hilohilo. Mhudumu uliyesema atakaa kutazama, huyo ni mhudumu ambaye hakufundishwa.

DAKTARI: Nikubali kwa kundi. Bado sikubali kwa sindano peke yake.

MZEE: Mimi nina jirani, anatapika damu. Alikuwa anavua ziwani, upande wa Rorya, akapata kichocho, ini likaharibika. Huyo naye akija zahanati achomwe?

MTAALAMU WA USINGIZI: Hapana, na nashukuru umeuliza, kwa sababu dawa ikifika kijijini watu wataitaka kwa kila damu. Mwaka 2020 jaribio la HALT-IT liliwahusu wagonjwa 12,009 wanaovuja damu tumboni, kwenye umio au kwenye utumbo. Vifo havikupungua. Walioganda damu ndani ya mishipa waliongezeka kutoka asilimia 0.4 hadi 0.8, na degedege nayo iliongezeka. Jirani yako anahitaji hospitali yenye kipimo cha kuona tumboni na watu wanaojua kumtibu. Apelekwe haraka, bila sindano hii.

Wakafika kwenye chumba cha upasuaji chenyewe, na hapo pande ziligeuka kwa namna ambayo msomaji huenda hakuitarajia.

DAKTARI: Kwa upasuaji mkubwa uliopangwa, mimi nipo tayari kuitumia. Jaribio la POISE-3 la mwaka 2022, wagonjwa 9,535, nchi 22: waliovuja damu kwa wingi walishuka kutoka asilimia 11.7 hadi 9.1. Hao ni watu wawili au watatu kwa kila mia moja ambao sihitaji kuwatafutia damu. Mahali ambapo damu ni ya kuombaomba ndugu, wawili kwa mia ni wengi.

MTAALAMU WA USINGIZI: Sema na kwamba kwenye POISE-3 hawakuweza kuthibitisha kwa kiwango walichojiwekea kwamba haina madhara kwa moyo na mishipa. Tofauti ilikuwa ndogo, 14.2 dhidi ya 13.9, lakini kizingiti hakikuvukwa. Kwa mzee mwenye moyo mbovu nafikiri mara mbili. Na upasuaji wa kujifungua, ambao ndio mwingi kwenye vituo vyetu, je? Marekani walichoma karibu wanawake 11,000 katika utafiti uliotoka 2023: waliokufa au kuongezwa damu walikuwa asilimia 3.6 kwa dawa na 4.3 kwa maji. Tofauti hiyo haikutosha kuitwa ushahidi.

MKUNGA: Na wale wa jaribio la WOMAN-2 walikuwa akina mama wenye upungufu wa damu, kama wa kwetu.

MTAALAMU WA USINGIZI: Ndiyo, 15,068, wa Pakistan, Nigeria, Zambia na Tanzania, waliojifungua kwa njia ya kawaida. Walichomwa wote kabla damu haijazidi, kwa kinga. Waliovuja damu nyingi: asilimia 7.0 kwa dawa, 6.6 kwa maji. Haikuzuia. Mwaka 2024 wakaunganisha majaribio matano, wanawake zaidi ya 54,000, ndipo ikaonekana kwamba damu ya kutishia uhai inapungua, kutoka asilimia 0.85 hadi 0.65. Ni wanawake wawili kwa elfu. Nimeyasema ili msiseme nimeyaficha. Sasa nisikilizeni ninachokiogopa.

Kwenye trei yangu kuna ampuli ya bupivakeini, dawa ya ganzi ya mgongoni. Ni ndogo, ya kioo, maji meupe ndani. Ampuli ya traneksamiki ni ndogo, ya kioo, maji meupe ndani. Mama amekaa ameinama, mtoto anachoka tumboni, taa hafifu, na anayevunja ampuli ni mtu aliyefanya kazi tangu asubuhi. Akikosea, traneksamiki inaingia kwenye uti wa mgongo. Dakika chache tu, maumivu makali ya mgongo na makalio, miguu inatetemeka, degedege, moyo unapoteza mpigo. Mwaka 2019 watafiti walikusanya matukio 21 ya kosa hilo kutoka nchi mbalimbali. Wagonjwa 10 walikufa. Machi 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kwa dunia nzima. Hao ni watu waliokuja kuzaa au kufanyiwa upasuaji mdogo wakiwa wazima.

Nikiwachoma elfu moja kwa kinga, nitawaokoa wawili wasivuje damu ya hatari. Kila mmoja wa hao elfu ni nafasi moja ya kuchanganya ampuli. Kwa hiyo kwenye kituo kidogo, mtu anayepigwa ganzi ya mgongoni bila dalili ya kuvuja damu, sitaki ampuli hiyo iwe chumbani.

DAKTARI: Kwa hiyo unaitaka zahanati na huitaki thieta?

MTAALAMU WA USINGIZI: Naitaka kwenye sanduku lake, lenye jina kubwa, kwenye wodi ya wazazi, nje ya trei ya usingizi. Damu ikizidi mezani, mtu anatumwa, anaileta mkononi, anasoma jina kwa sauti, wawili wanathibitisha. Sekunde thelathini. Na Bohari ya Dawa wakinunua, waangalie ampuli zisifanane.

Katika yote niliyoyaandika hapa, hili la ampuli ndilo zito kuliko yote. Wengi wanaotetea dawa hii, nami nikiwa mmoja wao, huzungumza kana kwamba kuipeleka tu kunatosha. Kituo cha afya kilichopandishwa hadhi kikapewa chumba cha upasuaji na mtaalamu mmoja wa usingizi ndicho mahali ambapo kosa hilo ni rahisi zaidi kutokea, na nchi yetu imejenga vituo vya namna hiyo vingi. Kujenga kumesaidia. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya, vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16, na 104 mwaka 2022. Ila kila chumba kipya cha upasuaji kinahitaji sheria ya kabati lake, na anayeiandika awe ni mtu anayelifungua kabati hilo.

MZEE: Mimi nataka kurudi huku chini. Mmesema saa tatu. Mama mzazi siku hizi ana namba ya 115, mfumo wa m-mama unampelekea gari, hata kama ni gari la mwanakijiji aliyesajiliwa. Ni jambo jema sana. Lakini kijana aliyechomwa mshale, 115 si ya kwake. Anafungwa kanga, anapandishwa bodaboda katikati ya watu wawili.

DAKTARI: Na kanga yenyewe inafungwa vibaya. Niwaambie wote: kabla ya traneksamiki, kabla ya bodaboda, bonyeza jeraha kwa mkono, kwa nguvu, usiachie. Hiyo haihitaji Bohari ya Dawa.

MKUNGA: Mzee, kuna damu nyingine ambayo hujaitaja.

MZEE: Itaje wewe, mwanangu.

MKUNGA: Mabinti. Desemba ya msimu wa ukeketaji. Binti anakatwa alfajiri, damu haikati. Wanaweka unga, wanaweka majani, wanamfunga miguu. Anayemlinda anajua sheria ya 1998 inamfunga mtu aliyemkeketa mtoto, kwa hiyo anaogopa kumleta. Jioni anapauka. Usiku analetwa, na mimi ninaulizwa kama kuna sindano. Saa tatu zilikwisha kabla ya saa sita mchana. Hata ningekuwa na sanduku zima.

DAKTARI: Na hata angeletwa mapema, majaribio tuliyoyataja yalikuwa ya watu wazima na wazazi. Kwa binti wa miaka kumi na mbili nitapima kwa uzito wake, na kitakachomuokoa hasa ni kushona ule mshipa na kumwongeza damu. Mleteni tu. Asubuhi ile ile.

MZEE: Mimi ni mtu mzima, nimekaa kwenye vikao vya wazee wa mila. Nasema mbele yenu: tusikate. Na penye aliyekwisha kukatwa, anayemficha ndiye anayemuua. Hilo nitalisema kwenye mkutano wa kijiji, siyo hapa tu.

Nimeliacha jibu hilo kama nilivyotaka mzee alitoe, kwa sababu ndilo ninalotamani kulisikia kwa wazee wengi zaidi wa Tarime na Serengeti. Zipo nyumba za hifadhi zinazowapokea mabinti wanaokimbia kisu. Masanga, kwenye kata jirani ya Gorong'a, ni mojawapo ya sehemu hizo. Kwa binti aliyefika huko kabla ya kukatwa, mjadala wa dawa ya damu hauna haja ya kuanza.

DAKTARI: Turudi kwenye sharti langu. Ikishuka zahanati, nataka mambo mawili. La kwanza, karatasi ya rufaa iandikwe saa ya kujifungua au ya kuumia, na saa ya sindano. Saa, siyo "asubuhi". Mgonjwa akifika kwangu baada ya saa nne bila karatasi, sijui nichome, nisichome, au amekwisha kuchomwa.

MKUNGA: Iandikwe kwa kalamu mkononi mwa mgonjwa pia. Karatasi hubaki mfukoni kwa ndugu aliyeshuka njiani.

DAKTARI: Sawa. La pili, damu. Dawa hii inapunguza kinachotoka, hairudishi kilichotoka. Mzee, kamati yako inaweza kuwahamasisha vijana wachangie, Mpango wa Taifa wa Damu Salama waje wakusanye, damu ipimwe Ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende, irudi hospitali ya wilaya. Kundi la damu la kila mjamzito lijulikane kabla ya mwezi wa tisa.

MZEE: Vijana nitawapata. Wanaogopa sindano kuliko simba, lakini nitawapata.

MKUNGA: Na hiyo ya kuchoma kwenye nyama imefikia wapi? Maana mshipa wa mama aliyepoteza damu hauonekani. Unachoma mara nne gizani.

MTAALAMU WA USINGIZI: Ndiyo maana ya jaribio la I'M WOMAN, lililopangwa kwa wanawake 30,000, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zake. Tafiti ndogo zilizotangulia zimeonyesha kwamba ikichomwa kwenye msuli inaingia kwenye damu haraka, ndani ya robo saa hivi inafika kiwango cha kufanya kazi. Ikithibitika kwamba inasaidia hivyo, hoja ya Dokta ya kwamba zahanati haiwezi itabaki na mguu mmoja.

DAKTARI: Ikithibitika, nitautoa huo mguu mwenyewe.

MZEE: Basi nina swali moja la kupeleka kwenye kamati. Zahanati ina muuguzi mmoja wa zamu ya usiku. Mama anavuja damu, muuguzi anamchoma, anaandika saa, gari linakuja, muuguzi anapanda amsindikize, kwa sababu hawezi kuachwa peke yake njiani. Saa moja baadaye analetwa mwingine. Sanduku lipo, dawa ipo. Anayeshika sindano ni nani?

MKUNGA: Ndiyo maana barua yetu kwa halmashauri ianze na muuguzi wa pili, mzee wangu. Sanduku tulitaje kwenye aya inayofuata.